Seva ya wati tisa kwenye nyumba ya LUKU moja

Wati moja ikikesha mwaka mzima inakula uniti 8.76. Kwa bei ya kawaida ya nyumbani hapa Dar es Salaam, ile ambayo buku moja linakupa uniti 2.8, hiyo ni kama shilingi 3,100. Mtu akiniuliza habari za seva ya nyumbani, yaani kompyuta inayokesha ikitunza na kugawa mafaili ya nyumba nzima, naanzia hapo, kabla ya prosesa, kabla ya diski, kabla ya programu. Wengi hawapendi. Wameshaangalia video za jamaa wa Marekani na Ujerumani wenye kabati zima la mashine zinazomeremeta, na wanachotaka kujua ni terabaiti ngapi. Mimi nawauliza umeme mnachangia wangapi.

Sisi tunachangia nyumba nzima. Mita ya LUKU, ile ya kulipia kabla, ni moja, familia ni kadhaa, na uniti zikikaribia kwisha anapita mtu mlango kwa mlango. Mwenye friji anatoa zaidi, mwenye taa na chaja ya simu anatoa kidogo, mwenye hita ya maji anasemwa akiwa hayupo. Katika nyumba ya namna hii, kifaa kinachowaka saa 24 ni siasa tupu. Mama anayetunza daftari letu la umeme hakuchelewa kukiona kitaa cha buluu dirishani kwangu.

"Jirani, samahani lakini. Hicho kinachokesha humo ndani ni nini?"

"Kompyuta ndogo, mama. Inatunza picha na video."

"Picha nazo zinataka umeme usiku? Zimelala au zinatembea?"

Sikubishana naye. Nina kipima-wati, kidude cha kuchomeka ukutani chenye kioo kidogo, kisha kifaa unachotaka kukipima unakichomeka juu yake. Nikamchomekea seva. Akasogeza miwani, akasoma 9.2, ikashuka 8.8, ikatulia kwenye tisa. Hakuridhika, akaniambia tupime na pasi. Kioo kikapanda kupita elfu moja. Pasi ya wati elfu moja ikiwaka dakika moja tu imeshakula kile ambacho seva yangu inakula kwa karibu saa mbili. Akageuka kuuangalia mlango wa jirani anayenyoosha sare za shule kila asubuhi, hakusema neno, akaandika daftarini: kompyuta, 3,000 kwa mwezi. Hesabu halisi haifiki hapo hata diski zikishinda macho, lakini nililipa bila kupunguza senti, maana kibali cha mweka hazina kina bei yake.

Sasa chukua ile kompyuta kubwa ya mezani iliyolala stoo, ambayo kila mtu anakwambia "si uitumie hiyo hiyo, ya nini kununua nyingine". Nyingi za zamani zinakula wati 60 zikiwa hazifanyi chochote. Hizo ni uniti 43 kwa mwezi, zaidi ya shilingi 15,000, karibu 187,000 kwa mwaka. Ya bure inakuwa ghali kabla mwaka haujaisha. Na kwa mteja mdogo wa TANESCO aliye kwenye kundi la D1, ambaye uniti anauziwa kwa bei ya chini ilimradi asivuke uniti 75 kwa mwezi, mashine hiyo peke yake imekula zaidi ya nusu ya nafasi yake. Friji ikiingia humo, kwaheri D1.

Kwa hiyo nilitafuta kibokisi cha ofisini. Namaanisha zile kompyuta ndogo zenye unene wa kitabu: Dell OptiPlex Micro, HP EliteDesk Mini, Lenovo ThinkCentre Tiny. Zinatumia chaja ya nje kama laptopu, na nyingi zina prosesa zenye herufi T mwishoni, maana yake zimebanwa kwenye kiwango cha wati 35 kwa kazi ya muda mrefu. Zikiwa zimetulia na Linux, mfumo wa bure unaokaa badala ya Windows, imepangwa vizuri, zinashuka chini ya kumi. Soko la mitumba limejaa mashine hizi, na sababu inajulikana. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haizipokei rasmi karibu prosesa zote za Intel zilizotangulia kizazi cha nane. Mashine nzima kabisa, haijachakaa, imegeuka mzigo kwa ofisi iliyokuwa nayo. Kwa Linux haina kasoro yoyote.

Kariakoo utaambiwa "hii ni i5, bosi" kana kwamba i5 zote zimezaliwa siku moja. Angalia tarakimu ya kwanza baada ya kistari. i5-6500T na i5-7500T zinaweza kukaa rafu moja kwa bei moja, lakini ya pili ndiyo unayoitaka kama utaangalia video, kwa sababu kuanzia kizazi cha saba saketi ya picha ya Intel inaweza kufungua video za H.265 (mbano unaopunguza ukubwa wa faili) za biti 10 yenyewe, bila kuitesa prosesa. Ya sita itajaribu kwa nguvu za kawaida, feni italia, na wati zitapanda.

Kitu cha pili cha kuangalia ukiwa bado dukani ni BIOS, ile mipangilio ya mashine yenyewe unayoingia kabla Windows haijawaka. Mwambie muuzaji awashe, bonyeza F2 (kwa Dell), uone kama inakuruhusu kubadilisha chochote. Mashine nyingi za ofisi zilifungwa kwa neno la siri na mafundi wa kampuni zilikotoka, na muuzaji hana habari, maana Windows inawaka kama kawaida. Bila kuingia BIOS huwezi kuiamuru iwake yenyewe umeme ukirudi, na seva isiyojua kuwaka yenyewe katika mji huu ni pambo. Cha tatu ni chaja. Dell huweka pini nyembamba katikati ya plagi inayoitambulisha chaja kwa mashine. Ukipewa ya kuungaunga isiyotambulika, mashine itawaka, lakini itapunguza mwendo na utashangaa kwa nini i5 inatambaa.

Nimeulizwa sana kuhusu Raspberry Pi. Ni nzuri kwa mambo yake, na kwa wati hakuna anayeishinda kirahisi. Hii ni kompyuta ndogo ya saizi ya kadi. Lakini Pi 5 haina kabisa saketi ya kusimba video, yaani kuifunga upya kwa umbo jingine, na hata ile ya kufungua H.264 waliiondoa, wakaacha ya H.265 peke yake. Ukishaongeza chaja, kasha, feni na kadi, bei inakaribia ya kibokisi cha ofisi ambacho kina nafasi ya SSD (diski isiyozunguka) ndani na soketi za kutosha. Anayenunua kipya kabisa aangalie mashine zenye Intel N100, iliyotoka mwanzoni mwa 2023: viini vinne, wati sita kwa karatasi, na inafungua hata AV1, mbano mpya zaidi wa video. Hiyo ningeichukua leo kama bei ya mpya isingekuwa mbali na ya mtumba.

Ndani ya kibokisi changu cha Dell nimeweka Debian, moja ya Linux, bila eneo-kazi la picha. Asiyependa kuandika amri aweke OpenMediaVault, ambayo imejengwa juu ya Debian hiyohiyo na inaendeshwa kwa kivinjari. Kugawa mafaili kwa simu na kompyuta za nyumbani kunafanywa na Samba, programu ambayo Andrew Tridgell aliianza Canberra mwanzoni mwa miaka ya 1990, kabla hata Windows 95 haijatoka, na mpaka leo sijaona sababu ya kutumia nyingine.

Mashine ilipowaka mara ya kwanza kipima-wati kilisoma 13. Kutoka 13 hadi 9 ni kazi ya jioni moja: kuzima kadi ya Wi-Fi ndani ya BIOS kwa sababu waya upo, kuchomoa kioo cha kompyuta, kisha powertop. Hii programu inakuonyesha prosesa inalala usingizi wa kina gani. Ikiandikwa C8 uko vizuri, maana namba ikiwa kubwa usingizi ni mzito. Ukiona imekwama kwenye C2 au C3, kuna kifaa kinachoikatalia isilale, na mara nyingi ni kitu kidogo tu kilichochomekwa kwenye USB. Unachomoa kimoja kimoja huku macho yako kwenye kipima-wati.

Diski ndizo zinazokula kimyakimya. Diski kubwa ya inchi 3.5 ikizunguka inakula wati tano au zaidi, yaani nusu ya seva nzima. Ndogo ya inchi 2.5 inakula kama mbili. Nimechukua ndogo ya nje kwa sasa, terabaiti nne, na nimeiagiza ilale ikikaa dakika 20 bila kuguswa. Amri ni hdparm na alama ya -S 240. Baadhi ya vikasha vya USB vinaipuuza, hapo unatumia hd-idle. Lakini amri haitoshi. Diski haitalala kama kuna programu inayoisumbua, na programu za video na picha zinapenda kuandika vitu vidogovidogo kila wakati: vijipicha, hifadhidata, kumbukumbu za shughuli. Vyote hivyo viweke kwenye SSD iliyo ndani ya mashine, diski kubwa ibaki na mafaili makubwa peke yake. Kwangu diski inalala karibu mchana kutwa, inaamka jioni watoto wakirudi.

Ukinunua diski, soma aina yake. Zipo zinazoandika mistari ya data ikipandiana kama mabati ya paa, zinaitwa SMR. Kwa kutunza filamu hazina neno, lakini ukiziunganisha kwenye RAID, yaani diski kadhaa zifanye kazi kama moja, kuijenga upya inaweza kuchukua muda wa kukatisha tamaa. Mwaka 2020 Western Digital walilazimika kukiri kwamba baadhi ya diski zao za Red, zilizouzwa kwa ajili ya kazi hii hasa, zilikuwa za SMR bila wateja kuambiwa. Na ukiona SSD ya nje ya terabaiti kadhaa inauzwa bei ya chakula cha mchana, ndani kuna kadi ya kumbukumbu ya gigabaiti chache iliyofundishwa kudanganya. Programu inayoitwa f3 inaijaza mpaka mwisho kisha inasoma ilichoandika. Muuzaji mwaminifu hatakataa uifanyie jaribio hilo.

Watu wengi hudhani umeme ukikatika hasara ni kukosa kuangalia sinema. Sinema si hoja, kwa sababu hata runinga imezima. Hasara iko kwenye kukatika ghafla diski ikiwa katikati ya kuandika, na kwenye kurudi kwa kishindo, volti ikiwa juu. Hapa ndipo uchache wa wati unapolipa mara ya pili. UPS, lile boksi la betri linaloshika umeme ukikatika, ya bei nafuu ya 650 VA ina betri moja ya volti 12 na ampea-saa 7, yaani wati-saa 84. Kompyuta kubwa na kioo chake wanaimaliza kabla hujapata mshumaa. Seva yangu pamoja na rauta na swichi ya mtandao (ya kuongeza milango ya waya) hawafiki wati 20, na betri ikiwa mpya wanavuta karibu saa mbili, ukitoa kinachopotea kwenye UPS yenyewe.

UPS hizi za bei nafuu nyingi hazina waya wa kuongea na kompyuta, kwa hiyo seva haijui kama iko kwenye betri. Nimeizunguka hivi: kuna kifaa kidogo cha Wi-Fi kilichochomekwa moja kwa moja ukutani, nje ya UPS. Kila dakika seva inakiita. Kisipoitika dakika ishirini mfululizo, seva inajua nyumba haina umeme, inafunga kila kitu kwa ustaarabu na kujizima. Sawa mpaka hapo, ila kuna mtego ambao maelekezo mengi hayausemi. Kwenye BIOS umeweka AC Recovery, iwake umeme ukirudi. Umeme wa mtaa ukirudi kabla betri ya UPS haijaisha, kwa upande wa seva umeme haukukatika kamwe. Ilijizima yenyewe, na itakaa imezima mpaka mtu abonyeze. Ukiwa safarini Mwanza hiyo ni shida. Dawa yake ni Auto On Time, pia kwenye BIOS ya Dell, inayoiwasha kila siku saa uliyochagua. Yangu ni saa kumi na moja alfajiri. Rauta yenye uwezo wa kutuma ishara ya kuiamsha kwa mtandao ni bora zaidi, lakini rauta nyingi tunazopewa na watoa huduma hazina.

Rauta hizo zina upungufu mwingine. Milango yake ya waya mara nyingi ni ya megabiti 100, kwa hiyo kunakili mafaili kunaishia megabaiti 11 kwa sekunde. Swichi ndogo ya gigabiti yenye milango mitano inakula wati mbili tatu na inakupeleka zaidi ya mia. Kwa kuangalia video tu huhitaji, filamu nyingi za 1080p hazizidi megabiti kumi hivi kwa sekunde, lakini siku ya kuhamisha picha za miaka kumi utaishukuru. Nunua waya wa shaba kweli. Mwingi wa bei rahisi ni alumini iliyopakwa shaba; kwaruza ncha kwa kisu, ukiona weupe, rudisha.

Video zinasambazwa na Jellyfin. Ni ya bure kabisa, ilizaliwa Desemba 2018 watengenezaji wake walipojitenga na Emby, programu ya kazi hiyohiyo, baada ya Emby kufunga msimbo wake. Plex, mshindani wao, ni nzuri kwa macho, ila tangu Aprili 2025 kuangalia video zako mwenyewe ukiwa nje ya nyumba ni kwa kulipia. Siri ya kuendesha Jellyfin kwa wati chache ni kuhakikisha runinga inasoma faili jinsi lilivyo. Ikilisoma, kazi ya seva ni kubeba tu, na kipima-wati hakishtuki. Runinga ya zamani isiyoijua H.265 inailazimisha seva ibadilishe video papo kwa papo. Bila Quick Sync, saketi ya video iliyo ndani ya prosesa ya Intel, viini vyote vinne vinawaka moto. Ukiiwasha, ambayo ni kuipa Jellyfin ruhusa ya kugusa /dev/dri/renderD128, mashine inapanda hadi wati ishirini na kitu na feni inanong'ona.

Ndani ya nyumba hii yote haigusi bando hata kidogo, na ndilo jambo gumu kuliko yote kueleweka. Majirani walidhani katuni zinakula intaneti. Nilichomoa waya wa intaneti kwenye rauta mbele ya watoto, katuni ikaendelea, wakapiga makofi kama wameona mazingaombwe. Kilichopendwa hata hivyo si katuni. Ni harusi. Kila familia humu ina DVD ya harusi iliyoanza kukwaruzika na haina tena deki ya kuichezea. Nimewageuzia kuwa mafaili, na jioni za Jumapili watu wanaangaliana walivyokuwa wembamba. Kwa wanafunzi kuna Kiwix, inayokaa na Wikipedia nzima ndani ya seva, ya Kiswahili na ya Kiingereza, na Kolibri yenye masomo ya hisabati na sayansi. Hizo hazisumbui wati hata moja zaidi.

Dada yangu yuko Muscat na alitaka harusi ya mdogo wetu. Mtoa huduma hanipi anwani ya umma ya intaneti; mimi na wateja wengine tunajificha nyuma ya anwani moja, kwa hiyo hakuna mlango wa kufungua kwenye rauta hata ukitaka. Tailscale, programu inayounganisha vifaa viwili vilivyo mbali kama vimo nyumba moja, inapita humo bila shida, imewekwa kwenye simu yake kwa dakika chache, na Jellyfin nimeiambia isimpe zaidi ya megabiti tatu.

Kuhusu nakala rudufu nina msimamo ambao wapenzi wa RAID hawaupendi. Diski mbili zinazozunguka pamoja, moja ikiiga kila kitu cha mwenzake, ni wati mara mbili, zimechomekwa kwenye ekstensheni moja, na radi ikipita haichagui. Isitoshe RAID haikulindi na mtoto aliyefuta folda, kwa sababu inafuta kote kuwili kwa uaminifu mkubwa. Diski yangu ya pili inakaa kabatini imechomolewa. Inakula wati sifuri. Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi naichomeka, programu ya restic inanakili vilivyobadilika, naichomoa. Ya tatu iko kwa bi mkubwa Muheza, na inabadilishana na ya kabatini nikienda Idd. Picha na video za familia tu ndizo zinazosafiri. Filamu nikizipoteza nitazitafuta tena.

Kinachonikera bado ni UPS. Inachukua volti 12 za betri, inazipandisha hadi 230, kisha chaja ya Dell inazishusha tena hadi 19.5, na kila hatua inakula chake. Mashine nyingi za N100 zinatumia volti 12 moja kwa moja, sawa na rauta. Betri moja ya lithiamu aina ya LiFePO4 ingewalisha wote bila kupanda wala kushuka, ila betri hizo zikichajiwa zinafika volti 14 na kitu, kwa hiyo lazima pawe na kidhibiti katikati. Kidhibiti ninacho tayari. N100 naisubiri ishuke bei.